Namna ya Kulinganisha Picha za Watu Wakiwa Kazini

Mwaka 1928, katika jiko moja la mjini Cologne, Ujerumani, mtengeneza keki mwenye upara na koti refu jeupe alisimama na bakuli kubwa la chuma, mkono mmoja ukiwa kwenye mpini wa bakuli na mwingine ukishika kifaa cha kukorogea, akaitazama kamera ya August Sander kama mtu anayengoja kuulizwa swali. Ukiipitia picha hiyo haraka utasema kwamba anakoroga. Ukiirudia utagundua kwamba hakorogi, kwa sababu anayekoroga hutazama kilicho bakulini. Kazi imesimama kwa muda ili picha ipigwe, na mikono imebaki palepale ilipokuwa, au palepale ilipoambiwa ikae.

Karibu kila picha ambayo mtu amekubali kupigwa akiwa kazini ni picha ya kazi iliyosimamishwa. Kwa hiyo anayetaka kuwalinganisha wapigapicha kwa haki asianze kwa kuuliza nani amepiga picha nzuri zaidi. Aanze kwa kuuliza kila mmoja alikifanyia nini kile kisimamo: nani aliisimamisha kazi, kwa muda gani, mahali gani, na mfanyakazi aliachiwa nini mkononi. Mwongozo huu unafuata maswali hayo. Nitawategemea zaidi wapigapicha watatu, yaani Sander wa Ujerumani pamoja na Lewis Hine na Irving Penn wa Marekani, kwa kuwa picha zao zinapatikana bila taabu. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka kwenye intaneti zaidi ya picha 5,000 ambazo Hine alizipiga kwa ajili ya kamati ya taifa iliyopinga ajira ya watoto; Jumba la Makumbusho la Getty mjini Los Angeles lina mkusanyiko mkubwa wa picha za mafundi na wachuuzi za Penn; na MoMA, yaani makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, ilipata mwaka 2015 seti ya picha 619 za mradi mkuu wa Sander. Wengine nitawataja pale tu watakapohitajika.

Kuchagua picha zinazolinganishika

Ukiweka mchimba dhahabu kando ya mshona nguo, sehemu kubwa ya tofauti utakayoiona itatokana na kazi zenyewe, wala haitakuambia lolote kuhusu wapigapicha. Shika jambo moja lisibadilike. Linaweza kuwa kazi ileile, lakini kwa uzoefu wangu tendo lilelile hufaa zaidi, na tendo linalozaa matunda mengi ni la kubeba mzigo.

Chukua picha tatu. Ya kwanza ni ya Sander ya mwaka 1928, inayoitwa kwa Kijerumani Handlanger, neno ambalo fundi yeyote wa ujenzi wa Dar es Salaam angelielewa papo hapo kama angetafsiriwa: ni saidia fundi. Kijana amebeba matofali yaliyopangwa juu ya ubao unaokaa mabegani, nyuma ya shingo, na anatutazama moja kwa moja kutoka katika giza. Ya pili ni ya Penn, ya fundi vioo wa Paris wa mwaka 1950, aliyebeba vioo vyake mgongoni. Ya tatu ni yoyote kati ya zile ambazo Sebastião Salgado alizipiga mwaka 1986 katika mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada nchini Brazil, ambako wanaume waliojaa tope wanapanda ngazi wakiwa na magunia ya udongo.

Wote watatu wanabeba, na mzigo haujui kwamba kuna picha inayopigwa. Matofali ya yule saidia fundi yaliendelea kumlemea muda wote aliosimama kwa ajili ya Sander; ukilijua hilo, ule utulivu wa uso wake unaacha kuwa jambo la kawaida. Fundi vioo wa Penn alilazimika kuupandisha mzigo wake hadi studio iliyokuwa orofa ya juu kabisa ya jengo, ili aonekane ameubeba mahali ambapo hapakuwa na dirisha la kutengeneza. Salgado, kwa upande wake, katika picha zinazojulikana zaidi za mgodi ule hakumsimamisha mtu: msururu unaendelea kupanda na mbebaji mmoja anapotea kati ya maelfu. Msomaji anaweza kunipinga kwamba hiyo ya tatu si picha ya mtu bali ya umati. Pingamizi hilo ni la haki, na ndiyo sababu nimeiweka: ulinganisho unahitaji picha moja ya mpakani, ili uone mapema jina la mtu na uso wake vinaanza kupotea wapi.

Kutazama kabla ya kusoma

Funika maelezo yaliyo chini ya picha. Andika unachokiona kwa dakika kumi, ukianzia miguuni na kupanda juu. Ninasisitiza miguu kwa sababu uso hutuvuta, na tukishaanza na uso tunaanza kumhukumu mtu kuwa ana huzuni au ana fahari kabla hatujajua amesimama juu ya nini. Sakafu, matope, mbao au karatasi iliyo chini ya viatu itakuambia kama huyu yupo mahali pake pa kazi au ameitwa kwingine. Kama miguu imekatwa nje ya picha, andika hivyo pia, kwa kuwa mpigapicha ndiye aliyeamua kuikata.

Kilicho nyuma ya mtu

Hapa ndipo wapigapicha hawa wanapoachana waziwazi, na hapa ndipo panapostahili muda mwingi zaidi.

Sander aliwafuata watu walipo. Mtengeneza keki yumo jikoni mwake, ila jiko limefifishwa, kiasi kwamba tunajua lipo bila ya kuweza kuhesabu vyombo. Kwa saidia fundi alikwenda mbali zaidi, akaacha giza tupu. Kwa hiyo usiandike kwamba "Sander huonyesha mahali pa kazi"; andika kwamba hukiacha kiasi cha mahali kinachotosha kumtambulisha mtu, na wakati mwingine hata hicho hukiondoa. Sentensi ya jumla kuhusu mpigapicha yeyote huvunjwa na picha yake ya pili.

Penn alifanya kinyume kwa makusudi. Aliuanza mradi wake Paris mwaka 1950 kwa ajili ya jarida la Vogue, akauendeleza London na New York hadi mwaka 1951. Nyuma ya watu alitundika pazia kuukuu la ukumbi wa maigizo, na mwanga ulikuwa wa mchana ulioingia kwa madirisha. Mchinjaji, muuza matango na mfagia mabomba ya moshi wote walisimama mbele ya rangi ileile ya kijivu, ambako wanamitindo wa mavazi ya bei kubwa nao walipigwa picha. Kazi ilivuliwa mahali pake, ikabaki nguo na chombo. Kuna wanaoona kwamba hapo mfanyakazi alipewa heshima ya mfalme, na kuna wanaoona kwamba aligeuzwa kuwa pambo. Mimi ninaona yote mawili yamo katika picha zilezile, na kwamba ni juu ya mlinganishaji kuonyesha katika picha fulani ni lipi limezidi, badala ya kuchagua upande mara moja na kuung'ang'ania.

Richard Avedon alilisukuma wazo hilo hadi mwisho wake. Kati ya mwaka 1979 na 1984, kwa kuombwa na Makumbusho ya Amon Carter ya Fort Worth, Texas, alizunguka magharibi mwa Marekani akipiga picha za watu 752, wakiwamo wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa visima vya mafuta, wote mbele ya karatasi nyeupe, nje, kivulini. Karatasi imefuta kila kitu isipokuwa kile kilichoganda mwilini: masizi ya makaa usoni na mafuta mazito kwenye ovaroli ndivyo vilivyobaki kuwa mahali pa kazi. Ukimweka mchimbaji wa Avedon kando ya saidia fundi wa Sander, utaona kwamba weupe na weusi wa nyuma havifanyi kazi moja. Giza la Sander humtoa mtu mbele kama anayejitokeza mlangoni. Weupe wa Avedon unamzunguka kila upande na kumnyima pa kujificha.

Ukifika hapa, jiulize swali dogo la kiutendaji: mtu huyu angeweza kuendelea na kazi palepale mara tu baada ya picha? Mtengeneza keki, ndiyo. Fundi vioo wa Penn, hapana. Jibu hilo liandike pembeni, utalihitaji baadaye.

Kamera na muda wa kusimama

Huna haja ya kuwa fundi wa kamera, lakini mambo mawili yanafaa kujulikana. Kwanza, Sander aliendelea kutumia kamera kubwa ya mabamba ya kioo, ambayo mara nyingi ilimtaka mtu atulie kwa muda unaohisika mwilini. Utulivu wa watu wake kwa hiyo ni sharti la chombo kabla ya kuwa tabia yao, na anayeusoma kama ukakamavu wa Wajerumani amekosea njia. Pili, Penn alitumia Rolleiflex, kamera ambayo mpigapicha huishika usawa wa kifua au kiuno huku akiinamisha kichwa kuitazama. Lenzi inayotazama kutoka usawa huo humfanya aliyesimama aonekane mrefu na mwenye kishindo bila ya yeye kufanya lolote.

David Goldblatt wa Afrika Kusini, mzaliwa wa mji wa migodi wa Randfontein, aliwapiga picha wachimbaji wa mashimo marefu ya dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1960, ambako mwanga ulikuwa hafifu na hakuna aliyesimama. Picha hizo zina chembechembe na ukungu wa mwendo. Huko kazi haikusimamishwa, na picha imelipa gharama.

Mikono na kifaa

Picha ya Hine ya mwaka 1920 ya fundi mitambo aliyejipinda mbele ya pampu ya mvuke, spana mikononi, mgongo wake ukifuata mviringo wa chuma, imetumika mara nyingi kama mfano wa nguvu ya mfanyakazi. Hatutazami, macho yake yapo kwenye kazi. Hapo mtu angedhani kwamba Hine, tofauti na Sander, hakuisimamisha kazi. Lakini zipo picha zaidi ya moja alizozipiga kwenye mtambo huo, na mkao umepangwa: mviringo wa mwili ndani ya mviringo wa chuma haukutokea kwa bahati. Kisimamo kipo, ila kimefichwa.

Kuna kipimo ambacho sijakiona katika vitabu vya sanaa, nacho hakigharimu chochote. Ichapishe picha, uipeleke kwa mtu anayeifanya kazi ile. Fundi wa gereji atakuambia kama spana iliyoshikwa vile, kwa mikono iliyokaa vile, inaweza kufungua nati au itateleza. Mpishi atakuambia kama bakuli lile lina kitu ndani. Saidia fundi atakuonyesha bega lipi linaumia kwanza. Majibu yao yatakupa jambo ambalo mtazamaji wa makumbusho hana, yaani tofauti kati ya kifaa kinachotumika na kifaa kilichoshikwa ili kionekane. Katika picha za Penn chombo aghalabu kimeshikwa ili kionekane, na hakuna anayejaribu kutudanganya. Kwa Hine kimeshikwa ili kionekane kinatumika. Hiyo ndiyo tofauti ya kuandika, kwa kuwa inatokana na nia: Hine, mwalimu aliyekuwa ametumia miaka mingi kuonyesha mateso ya watoto viwandani, alitaka sasa kuonyesha thamani ya mfanyakazi mtu mzima, na akaziita hizo picha za kazi.

Aliyeomba picha na aliyelipa

Swali hili huachwa hadi mwisho, na wengi hulisahau kabisa, ingawa ndilo linaloeleza mengi ya yaliyotangulia.

Watu wa Penn walitafutwa mitaani, wakaombwa waje na nguo zao za kazi na zana zao, wakalipwa kidogo. Penn mwenyewe alieleza baadaye kwamba Waparisi walishuku kuna jambo limefichwa, ila walikuja kwa ajili ya ujira. Kwamba watu wa London waliona ni jambo la kustahili kupigwa picha katika nguo za kazi. Na kwamba baadhi ya wale wa New York, licha ya kuombwa waje walivyo, walifika wamenyoa ndevu au wamevaa suti za Jumapili. Wapo wanaokisimulia kisa hicho kama kichekesho. Mimi ninawaelewa watu wa New York kuliko wote.

Yeyote aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki anajua kilichokuwa kikitokea studio. Mtu aliyekwenda kwa miguu yake na kwa fedha zake kupigwa picha Mombasa, au katika Capital Art Studio ya Unguja iliyofunguliwa mwaka 1930, hakwenda na jembe wala toroli. Alikwenda na kanzu iliyopigwa pasi au gauni jipya, akasimama mbele ya mandhari ya studio. Bamako, Mali, nako, katika studio ambayo Seydou Keïta aliifungua mwaka 1948, wateja walijipamba na kushika vitu vya fahari alivyokuwa navyo mpigapicha. Anayelipia picha yake huacha zana nyumbani. Zana huingia pichani pale mtu mwingine anapoitaka, awe ni jarida, makumbusho, kamati au mwajiri. Hilo halifanyi picha ya zana kuwa ya uongo, lakini linakutaka ujue ni nani aliyetaka kumwona mtu huyu kama mfanyakazi.

Sander yumo katikati, na ndipo ugumu wake unapoanza. Wakulima wa Westerwald, eneo la mashambani nchini Ujerumani, walikuwa wateja wake: aliwafuata vijijini, akawauzia picha, nao wakavaa suti. Baadaye alizichukua baadhi ya picha hizohizo akazipanga katika mradi wake mkubwa, wenye makundi saba yanayoanza na mkulima na kuishia na wale aliowaita watu wa mwisho. Picha iliyoanza kama mali ya familia ikawa mfano wa tabaka.

Maelezo chini ya picha

Sasa ondoa karatasi uliyofunikia maelezo. Sander huandika kazi tu: mtengeneza keki, saidia fundi. Hine, alipokuwa akipiga picha za watoto viwandani kuanzia mwaka 1908, aliandika umri na kazi, mara nyingi na jina, na inasimuliwa kwamba urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya nguo yake mwenyewe, ili msimamizi asimtilie shaka. Maelezo yake yalikusudiwa kuwa ushahidi. Goldblatt hutaja mgodi, mahali na mwaka kwa usahihi wa karani. Ukitaka kuona neno la kazi likitumika vibaya, tazama kadi za posta za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20, zilizotoka katika studio kama za A. C. Gomes na ndugu Coutinho, ambazo nyingi humtaja mtu kwa kazi au kwa kabila lake na kuishia hapo. Kwa juu juu zinafanana na maelezo ya Sander. Tofauti ni kwamba Sander aliwaweka mwanasheria na mwenye kiwanda katika utaratibu uleule wa kutotajwa jina, ilhali kadi za posta hazikumweka gavana kama "mfano wa gavana".

Utaratibu huo wa Sander uliwaudhi waliotaka taifa lenye sura moja. Kitabu chake cha kwanza cha mradi huo kilitoka mwaka 1929 kikiwa na picha 60. Mwaka 1936 utawala wa Nazi uliharibu mabamba yake ya kuchapia.

Kuandika ulinganisho

Anza na tendo lililo sawa, kisha taja tofauti moja inayoonekana, kisha sababu yake. Sentensi kama "Penn anaonyesha heshima, Salgado anaonyesha mateso" haina mahali pa kushikwa. Afadhali hii: "Wote wawili wanaonyesha mtu aliyebeba mzigo, lakini Penn amemtoa mbebaji katika njia yake na kumsimamisha peke yake, hivi kwamba tunautazama mzigo kama sehemu ya vazi, ambapo Salgado amemwacha njiani, na uzito tunauona katika miguu ya anayemfuata." Kila dai hapo linaweza kukaguliwa kwa kidole juu ya picha. Lile jibu uliloliandika pembeni, la kama mtu angeweza kuendelea na kazi palepale, ndilo mara nyingi hufaa kuwa sentensi ya pili.

Usiwe na haraka ya kuwapanga wapigapicha kwa wema. Ukishindwa kuamua, piga mwenyewe. Mwombe mama lishe wa mtaani kwenu ruhusa ya kumpiga picha tatu, na umlipe muda wake: ya kwanza akiendelea kupakua chakula bila kukutazama, ya pili akiwa palepale mwiko mkononi lakini amekutazama, ya tatu mbele ya shuka lililotundikwa ukutani, mbali na sufuria. Zichapishe kwa ukubwa mmoja, umpelekee, umuulize ni ipi angeitundika nyumbani kwake na kwa nini. Andika jibu lake neno kwa neno, kabla hujaandika la kwako.